Kosa na Kukosoa: Somo Nililopewa na Injini Kuukuu

Kwa zaidi ya miaka thelathini, karibu kila jioni ya siku ya kazi, nilibeba furushi la madaftari kutoka shuleni na kuwaambia walio nyumbani kwangu: "Nakwenda kusahihisha." Nikaketi mezani, nikashika kalamu nyekundu, nikaweka alama ya vema hapa na alama ya kosa pale, nikajumlisha, nikaandika "Jitahidi" chini ya ukurasa. Asubuhi nikayarudisha madaftari kwa wenyewe. Hapana mtu aliyewahi kuniuliza, wala mimi sikujiuliza, ni kitu gani hasa kilichokuwa kimesahihika usiku ule. Sentensi ilikuwa na kosa jana. Leo ina kosa lile lile, pamoja na mstari mwekundu juu yake.

Swali hilo limenijia baada ya kustaafu, na halikuja na kitabu cha sarufi. Lilikuja na injini ya gari kuukuu, uani kwangu, chini ya mwembe. Lilinigharimu fedha, usingizi na, kwa muda wa majuma mawili, kicheko cha mjukuu wangu. Ninaliandika hapa kwa kuwa mwisho wake ulinirudisha kwenye lugha, na kwa kuwa kosa nililolifanya ni la aina ambayo wengi wetu tulioshika chaki huifanya pasipo kuitambua.

Gari lenyewe ni pikapu ya Peugeot 504, yenye injini ya petroli ya lita 1.8. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa habari za 504. Ilizinduliwa mwaka 1968; mwaka 1975 Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504 ya umbo jingine. Sisi tuliokuwa wanafunzi zama hizo tulibishania majina hayo kama vijana wa leo wanavyobishania wachezaji wa mpira. Nilipopata uwezo wa kununua gari, miaka mingi baadaye, nilinunua lile nililolitamani utotoni, likiwa limekwisha kuchoka mikononi mwa wengine. Limenibebea machungwa kutoka shambani hadi Muheza mjini, saruji ya nyumba, wagonjwa wa mtaa na maharusi wawili.

Siku moja, nikipanda barabara ya Amani, gari likachemsha. Mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, nami, kwa kuwa nilikokuwa nikienda hakukuwa mbali, nikaendelea mwendo wa dakika kumi hivi badala ya kusimama. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ndilo lililozaa mengine. Kesho yake bomba la moshi lilitoa wingu jeupe, maji yakawa yanapungua kwenye rejeta pasi na kuonekana yanakovujia, na nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nikaona oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kila aliyepita alitoa hukumu ile ile: gasketi imeungua.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufunua injini, gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini, na hedi, yaani kichwa chake. Moto, maji na oili hupita hapo jirani kwa jirani, na kazi ya gasketi ni kuhakikisha majirani hao watatu hawakutani. Ikiungua, maji huingia kwenye oili au kwenye moto, na injini haina maisha marefu.

Niliamua kuifungua mwenyewe. Nilikuwa na kitabu cha matengenezo cha Kiingereza, kilichokwisha kushikwa na mikono mingi yenye oili kabla ya kunifikia. Nilikuwa na spana, nilikuwa na muda wa mstaafu, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyezoea kuelewa jambo kwa kulisoma mara moja. Tena nilikuwa na msaidizi: mjukuu wangu wa Kidato cha Pili, anayeishi nasi.

Mtoto huyu ni bingwa wa utani. Mnajua desturi yetu: babu na mjukuu ni watani, na bibi ni "mke" wa mjukuu. Tangu akiwa mdogo amekuwa akinikumbusha kila siku kwamba mke niliye naye ni wake, ameniazima tu kwa kuwa yeye bado anasoma. Siku tulipoanza kufungua injini alimwambia bibi yake, mimi nikisikia: "Mke wangu, mwangalie vizuri mzee huyu. Akilishindwa gari, wewe nakurudisha kwangu." Bibi akacheka hadi akaweka chini ungo wa mchele.

Tulifanya kazi kwa utaratibu, au ndivyo nilivyoamini. Tulimwaga maji, tukafungua kabureta, mabomba ya moshi na waya za plagi, kisha tukalegeza boliti za hedi kidogo kidogo, kila moja kwa zamu yake, ili chuma kisijipinde. Hedi ikatoka. Gasketi ilikuwa imeungua kweli, nyeusi kati ya silinda mbili. Nilimpa mjukuu kazi ya kusafisha uso wa bloku. Kazi hiyo haina sifa, lakini ndiyo inayoamua: chembe moja ya gasketi ya zamani ikibaki, gasketi mpya haikai. Kwa siku tatu alikwangua kwa wembe, akafuta kwa kitambaa chenye petroli, akapitisha ncha ya kidole, akakwangua tena. Mimi nilimpa maelekezo nikiwa nimeketi kwenye kigoda.

Jioni ya tatu, yeye akiwa amekwenda kuteka maji, niliona pistoni mbili zimelala chini na vichwa vyake vina masizi. Nikataka kuyakwangua. Gari hili bado lina tundu la mpini mbele, kwa ajili ya kuliwasha kwa mkono. Nikachukua mpini, nikaizungusha injini nusu duara. Pistoni zilizokuwa chini zikapanda. Nikakwangua masizi, nikafuta, nikaridhika na nafsi yangu. Sikuona kuwa limetokea jambo lolote.

Tulipofunga tena, injini ilikataa kuwaka. Ilipiga chafya kupitia kabureta, mara moja, mbili, kisha ikanyamaza. Nilirudia mpangilio wa kuwaka, 1-3-4-2, kama kitabu kilivyosema, na waya zote zilifuata mpangilio huo. Ni mjukuu aliyechukua kitabu jioni, akakaa nacho na kamusi, akanijia akitabasamu: "Babu, Wafaransa hawa hawaanzi kuhesabu mbele. Silinda yao ya kwanza ni ile iliyo nyuma, upande wa gia." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimehesabu kuanzia kwenye rejeta, kama magari mengi yanavyohesabiwa, hata cheche ikawa inafika silindani katika zamu isiyokuwa yake.

Kosa hilo lilinifurahisha zaidi kuliko kunichukiza, maana nililijua. Mtu aliyesoma kwa herufi za Kilatini tu, akipewa utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, atauanzia mwisho akidhani ndio mwanzo. Herufi si mbovu na utenzi si mbovu. Msomaji ndiye aliyeingilia mlango wa nyuma. Tulihamisha waya nne, injini ikanguruma, bibi akatoka jikoni na kupiga kigelegele. Ilinichukua dakika tano kukosolewa na dakika tano kucheka. Laiti makosa yote yangekuwa hivyo.

Furaha ilidumu siku tatu. Siku ya nne maji yalipungua tena. Nilifungua boliti ya kumwagia oili baada ya gari kulala usiku kucha, na kilichotangulia kutoka hakikuwa oili bali maji, maana maji ni mazito kuliko oili na hutuama chini. Msimu wa machungwa ulikuwa umeanza, matunda yananing'inia shambani, na fedha ya gasketi, oili na nauli ya kufuata vipuri Gerezani, Dar es Salaam, ilikuwa imekwenda na maji kwa maana zote mbili.

Ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri. Chini ya mwembe majirani wanne walikuwa wakicheza bao. Mjukuu alikuja na ndoo kutaka kujua kuna nini. Nami, mbele ya watu wale, nikasema kwa sauti niliyoitumia darasani: "Mzembe huyu ndiye aliyesafisha uso wa injini. Kaacha uchafu, gasketi haikukaa. Kanitia hasara."

Kete zikasimama mkononi mwa mchezaji. Mtoto aliinamisha uso, akasema, "Nisamehe, babu." Akaweka ndoo chini, akaenda zake.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa sisikii tena inachosema.

Siku zilizofuata mtoto alinisalimu, alinitii, alinitekea maji ya kuoga. Hakunitania. Bibi yake akawa "bibi" tu, si "mke wangu". Mtu mgeni angesema nyumba ile ina adabu kubwa. Sisi wenyeji tulijua ina upungufu.

Hatimaye nilimwita fundi mmoja wa mjini Muheza, mtu wa makamo ambaye amefungua 504 nyingi kuliko vitabu nilivyofungua mimi. Aliniamkia, nikaitikia, akanisikiliza hadi mwisho pasi na kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida kwa mafundi wala kwa walimu. Kisha tukavua hedi upya. Aliinua gasketi, akaitazama pande zote mbili akiielekeza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya uso wa bloku kama mtu anayesoma maandishi ya vipofu.

"Aliyesafisha hapa ni nani?" akauliza.

"Mjukuu wangu."

"Kazi safi. Gasketi hii imekaa vizuri kabisa. Maji hayakupita hapa."

Nilijaribu kusema neno, sikulipata. Yeye akaendelea kunieleza. Katika injini nyingi, silinda ni tundu lililochongwa ndani ya bloku yenyewe. Katika injini hii sivyo. Kila silinda ni bomba la peke yake, ambalo mafundi huliita silivu. Limesimikwa ndani ya bloku kama gogo ndani ya kinu, na maji ya kupoza hulizunguka nje. Huko chini, pale silivu inapokalia, pana pete nyembamba ya kuzuia maji yasishukie kwenye oili. Na kinachoishikilia silivu mahali pake ni mkandamizo wa hedi iliyofungwa juu. Hedi ikivuliwa, silivu huwa haina mshikilizi. Pistoni ikipanda, huweza kuikokota juu kidogo, kiasi ambacho jicho halioni; pete ya chini ikaachia, kutu ikaingia chini yake, na ukifunga hedi unaikandamiza pete juu ya uchafu. Kwa hiyo ni sharti, kabla ya kugusa lolote, silivu zibanwe kwa boliti na vibati.

Akanitazama. "Mwalimu, hedi ilipokuwa chini, kuna mtu aliyezungusha injini?"

Nikamjibu, "Sikumbuki."

Nilikumbuka vema. Niliuona mpini mkononi mwangu, nikayaona masizi. Lakini mjukuu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, ameshika taa, nami sikuwa tayari. Fundi hakusema neno. Alikusanya spana zake, akaahidi kurudi kesho na mnyororo wa kunyanyulia injini.

Usiku nilikichukua kile kitabu. Onyo kuhusu silivu lilikuwamo, katika ukurasa niliokuwa nimeufungua kwa vidole vyangu; alama ya oili ya dole gumba ilikuwa pembeni. Nilikuwa nimesoma nusu ya ukurasa na kurukia kazi. Mimi, ambaye kila msimu wa mitihani niliwaambia watoto wa watu: soma swali lote kabla ya kujibu.

Mke wangu hakuwa amelala. Akasema kutoka gizani, "Mwalimu, mtoto alikuona."

"Aliniona wapi?"

"Ukizungusha ule mpini. Alikuwa anarudi na maji. Aliniambia siku ile ile uliyomwita mzembe. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akasema hawezi kumwumbua babu yake mbele ya watu."

Sikulala. Niliwasha taa, nikafanya lile ninalolifanya nikizidiwa: nikafungua kamusi. Kosa. Kukosa ni kutopata, kutofika, kulenga na kupita kando. Kukosea ni kufanya isivyo. Kukosekana ni kutokuwapo mahali unapotakiwa kuwapo. Kicheko kilikuwa kimekosekana nyumbani. Kukosana ni kukorofishana. Huko nako nilikuwa nimefika. Kisha nikafika kwenye kukosoa, nikasimama.

Tunalitumia neno hili kwa maana ya kutaja makosa ya mtu. Lakini litazameni umbo lake. Katika kauli ya kutendua, kiambishi -ua au -oa huondoa kile kitenzi kilichotenda. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Choma, chomoa: mwiba unaochoma mguu huchomolewa. Kosa, kosoa. Ndivyo ninavyolisoma neno hili tangu usiku ule: kukosoa si kulielekeza kosa kidole, ni kulitendua. Na hakuna kutendua kusikorudi nyuma. Huwezi kufungua boliti kwa kuigeuzia upande ule ule ulioifungia. Huwezi kuchomoa mwiba kwa kuusukuma mbele. Huna budi kurudi kwa njia kosa lililoingilia, hatua kwa hatua, hadi pale ulipoacha kuwa sahihi.

Hapo nikayaona madaftari yangu yote. Nilimkumbuka mwanafunzi mmoja aliyeandika "vitu ambayo" mwaka mzima. Kila juma nilipiga mstari mwekundu chini ya "ambayo", na siku moja nikaisoma insha yake mbele ya darasa wenzake wacheke. Sikuwahi kurudi naye nyuma neno moja tu, hadi kwenye "vitu", nikamwuliza analiona neno hilo liko katika ngeli gani. Kosa halikuwa kwenye "ambayo". Huko ndiko lilikoonekana tu. Nilikuwa nikisafisha uso wa bloku ilhali maji yanapita chini. Mwanafunzi huyo sijui aliko. Hilo ni kosa ambalo boliti zake siwezi tena kuzifikia. La mjukuu wangu nilikuwa bado ninalifikia.

Asubuhi fundi alikuja, akaitundika injini kwenye mnyororo, akaifungua upande wa chini. Silivu ya pili ilitoka kwa mikono miwili, na chini yake tukaiona ile pete, imekunjika upande mmoja, na gamba la kutu limelala juu yake. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nilikuwa nimezunguka injini nzima juu, na jibu lilikuwa ngamani, maji yanakotuama.

Nikamwambia fundi, "Ni mimi niliyezungusha. Jana nilikudanganya."

"Nilijua, Mwalimu," akasema. "Mtu asiyekumbuka huwa anafikiri kwanza. Wewe ulijibu upesi."

Lakini kumwambia fundi lilikuwa jambo jepesi. Neno "mzembe" halikuingia kwa mlango wa fundi. Liliingia Jumamosi, baada ya alasiri, chini ya mwembe, mbele ya watu wanne na ubao wa bao. Kumwita mtoto chumbani na kumnong'oneza pole kungekuwa sawa na kubadilisha gasketi tena: kazi nadhifu, mahali pasipohusika. Nikasubiri Jumamosi. Wale wanne walipoketi, nilimwita mjukuu, nikasimama. Nilisema kwamba juma lililopita nilimwita mzembe mbele yao. Kwamba kazi yake fundi ameikagua na kuikuta safi. Kwamba aliyeharibu injini ni mimi, kwa kusoma nusu ukurasa. Kwamba mtoto alijua na akanisitiri, nami nilipoulizwa nilisema uongo. Nikamwambia, "Nisamehe, mjukuu wangu. Neno lile nalirudisha kwangu."

Palikuwa kimya. Mmoja wa wazee, mtu mwenye umri kunishinda, akasema, "Mwalimu, kosa moja haliachi mke." Wengine wakacheka kidogo. Mtoto hakucheka. Alisema, "Yamekwisha, babu," akaenda kumshikia fundi taa. Nilielewa. Boliti hazilegezwi kwa mkupuo mmoja.

Kazi iliyobaki ilichukua siku nane. Silivu zote nne zilitolewa, makao yake yakasafishwa, pete mpya zikawekwa. Mara hii tulizibana silivu kabla ya kuzungusha chochote, na mara hii mimi ndiye niliyeshika wembe na kitambaa, mjukuu ndiye aliyeketi kwenye kigoda akisoma kitabu kwa sauti, ukurasa mzima, pamoja na maonyo. Kila nilipotaka kuruka hatua alinyamaza na kuningoja. Waya za plagi tuliziwekea karatasi zenye namba, tukihesabu kutoka nyuma.

Injini iliwaka mara ya pili ya kujaribu. Tuliliacha gari lingurume mpaka likapata joto, tukalizima, tukalilaza usiku kucha. Asubuhi nilifungua ile boliti ya chini kwa mkono unaotetemeka kidogo. Ikatoka oili. Mjukuu alichungulia ndani ya beseni, akainua kichwa, akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mke wangu! Gari limepona. Lakini usifungashe bado, mzee huyu namvumilia kidogo."

Nilikwenda nyuma ya mwembe nikajifanya natafuta kitambaa.

Ndugu zangu wapenzi wa lugha, tuna msemo tunaoupenda sana: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Niliuandika ubaoni kila mwaka. Sasa naona una mtego ndani yake, kwa kuwa kurudia kuna sura mbili. Kuna kulirudia kosa kwa maana ya kulifanya tena, na hilo ndilo msemo unalolikataza. Na kuna kulirudia kwa maana ya kuliendea kule kule liliko, na hilo ndilo pekee linaloliondoa. Mtu anayeogopa kurudi kwenye kosa lake huishia kulifanya tena. Nimejaribu kuyafunga hayo katika ubeti mmoja, nikauandika kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada la kile kitabu cha matengenezo, kwa ajili ya yeyote atakayekirithi pamoja na gari:

Kosa linapoingia, lina njia na mlango,
Huwezi kulifukia, kwa maneno ya uongo,
Njia uliyopitia, irudie bila ringo,
Hulitoi kwa kinyongo, hutoka kwa kufungua.

Mjukuu ameusoma, akahesabu mizani kwa vidole, akasema zimetimia. Kisha akaniomba kalamu nyekundu. Nimempa.